Pikapu ya dizeli inapiga kelele na kumaliza mafuta? Anza na sikio

Ninabeba zabibu kutoka Mpunguzi na Mbabala, hapa Dodoma, kwa Hilux kuukuu yenye injini ya 5L, ile ya cc 2,986 isiyo na turbo (feni ya kusukuma hewa ya ziada ndani ya injini), na ninaendesha mwenyewe. Msimu wa zabibu usipokuwepo napakia alizeti au mahindi ya Kibaigwa. Watu wakinikuta sheli huniuliza mambo mawili kwa mkupuo: mama, hili gari linakula kiasi gani, na hizi kelele unazivumiliaje? Wao wanaona ni maswali mawili. Mimi naona ni moja. Kwenye dizeli, sehemu kubwa ya kelele inatokana na namna mafuta yanavyoungua, na gari linalounguza vibaya linakurudisha sheli mapema. Kwa hiyo mwongozo huu nitaupeleka hivyo, kelele na mafuta pamoja.

Pima kwanza

Usinipe hesabu ya "nilitia ya elfu hamsini nikafika Gairo." Hiyo haisemi kitu. Jaza tanki mpaka bomba la pampu lijikate lenyewe, acha hapo, usiongeze hata kidogo. Andika kilomita za kwenye dashibodi. Endesha kama kawaida yako, tanki likikaribia robo rudi kituo kilekile, pampu ileile ikiwezekana, jaza tena mpaka ijikate. Tuseme uliondoka na 84,210, umerudi na 84,682, na zimeingia lita 47. Umetembea kilomita 472. Gawanya kwa 47, unapata kilomita 10 na chembe kwa lita. Fanya hivyo zaidi ya mara moja kabla hujaamini namba, na andika pembeni kama ulikuwa mtupu au na mzigo.

Kuna mambo mawili yanayodanganya watu. La kwanza ni tairi. Ukifunga tairi kubwa kuliko zilizokuja na gari, dashibodi inahesabu kilomita chache kuliko ulizotembea kweli, halafu unalia kwamba gari linakula. La pili ni upepo, na upepo wa Dodoma tunaujua wenyewe. Mwezi wa sita mpaka wa nane unavuma kutoka mashariki na kusini-mashariki, kwa hiyo kwenda Morogoro unausukuma kwa paji la uso na kurudi unakusukuma mgongoni. Anayepima njia ya kwenda tu ataita fundi bure. Pima kwenda na kurudi.

Yangu, ikiwa tupu kwenye lami na nikiwa na subira, inanipa kilomita 10 mpaka 11 kwa lita. Na kreti za zabibu zimejaa inashuka kwenye 8 hivi. Land Cruiser ya 1HZ, yenye silinda sita na lita 4.2, ikikupa 7 au 8 barabarani shukuru. Mtu akikwambia 1HZ yake inampa 13, msikilize kwa heshima, halafu endelea na safari yako.

Kwa nini dizeli inagonga

Injini ya petroli inawashwa na cheche ya plagi. Dizeli haina cheche. Inabana hewa mpaka inakuwa ya moto sana, kisha nozeli inapuliza mafuta humo ndani na yanashika yenyewe. Ila hayashiki papo hapo. Kuna kitambo kifupi mno, cha karibu elfu moja ya sekunde, ambapo mafuta yanaingia na bado hayajawaka. Ni kama jiko la gesi ulilolifungua ukachelewa kuwasha kiberiti: likija kushika linafanya "bhuu!" badala ya kuwaka taratibu. Yale mafuta yaliyokusanyika yanawaka yote kwa pamoja, mgandamizo unapanda ghafla, na bloku ya chuma inalia. Hiyo ndiyo ile "ka-ka-ka-ka" ya dizeli.

Ukielewa hapo, mengi yanajieleza. Asubuhi ya Julai, baridi ya Dodoma ikiwa imekaza, hewa ndani ya silinda haipati joto haraka, mafuta yanachelewa kushika, na injini inagonga zaidi mpaka ipate moto. Hiyo ni kawaida. Nozeli ikichoka, inadondosha matone badala ya kupuliza ukungu. Tone linachelewa kuungua kuliko ukungu, linagonga, na sehemu yake inatoka kama moshi mweusi bila kufanya kazi. Hiyo si kawaida, na umeilipia.

Injini nazo hazifanani. Za zamani kama 3L, 5L na 1HZ zina kichumba kidogo cha pembeni ambamo mafuta yanaanza kuwaka kabla ya kutoka kwenda kwenye pistoni. Kile kichumba kinalainisha ule mlipuko, ila kuta zake zinanyonya joto ambalo lingesukuma pistoni, kwa hiyo unapata utulivu kiasi na unalipa kwa mafuta. Nyingine za zamani, kama 4JA1 ya Isuzu, zinapuliza moja kwa moja juu ya pistoni: kelele zake utazisikia kabla hujaliona gari, lakini mafuta zinakula kidogo. Kisha zikaja hizi za umeme, yaani dizeli ambazo upulizaji wa mafuta unaongozwa na kompyuta, kama 2KD na 1KD za Toyota na baada yake 2GD na 1GD. Hizi zinapuliza tone dogo la kutangulia ili kuwasha moto mdogo, ndipo mzigo wenyewe unafuata. Kelele inashuka na mafuta yanapungua kwa pamoja. Gharama yake iko mahali pengine: mgandamizo wa mafuta humo unapita bar 1,000, wakati nozeli ya 5L inafunguka kwa bar mia na kitu tu, kwa hiyo uchafu au maji kidogo kwenye dizeli yanatosha kukuulia nozeli yenye bei ya ng'ombe mzima.

Mtego wa ukimya wa bei rahisi

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi wanapoliwa.

Pampu ya injini ya zamani, ile inayosukuma dizeli kwenda kwenye nozeli, imefungwa kwenye bloku kwa nati zinazoruhusu kuizungusha kidogo. Ukiizungusha upande mmoja mafuta yanapulizwa mapema zaidi, upande wa pili yanachelewa. Yakichelewa, pistoni imeshaanza kushuka, mlipuko unakuwa mpole na injini inatulia kweli. Fundi mwenye haraka analijua hilo. Kijana mmoja wa gereji ya Kizota aliwahi kunikabidhi gari kwa furaha:

"Mama, nimeituliza. Sikiliza sasa."

"Fundi, umegusa pampu?"

"Kidogo tu, mama."

"Irudishe kwenye alama yake, mwanangu. Tutafute kinachogonga."

Hakuwa na nia mbaya. Mteja analalamika kelele, anampa ukimya. Lakini mafuta yanayopulizwa kwa kuchelewa yanaendelea kuungua wakati yanatolewa nje, joto linaenda kwenye ekzozi badala ya kwenda kwenye magurudumu, gari linakuwa zito mlimani na wewe unakanyaga zaidi. Ukiona gari limetulia ghafla baada ya matengenezo, halafu moshi mweupe unaochoma macho unatoka hata injini ikiwa ya moto na nguvu imepungua, shuku hapo. Kinyume chake pia kipo: pampu ikivutwa mapema mno, injini inagonga kama inapasua mawe, na ukiiacha hivyo pistoni na gasketi ya silinda hedi zinaumia. Mahali sahihi ni pale kiwandani walipoweka, na panapimwa kwa saa ya kupimia, ile ndogo yenye mshale, siyo kwa sikio la mtu. Alama zilizochongwa kwenye pampu na bloku ni mwanzo mzuri. Kabla ya kuzungusha chochote, muulize fundi timing belti, ule mkanda wa meno unaozungusha pampu, iliwekwa lini. Ikiruka jino moja, pampu inachelewa hata kama haijaguswa na mtu.

Kutafuta silinda inayogonga

Kwa injini ya zamani tu, yenye pampu ya kawaida. Injini ikiwa ya moto na inazunguka taratibu, legeza nati ya bomba la chuma linaloingia kwenye nozeli, moja baada ya nyingine, nusu mzunguko tu, huku umefunika kitambaa na umevaa miwani. Mafuta yatamwagika pale badala ya kuingia silinda. Ukilegeza na injini ikayumba lakini kule kugonga kukabaki, kaza, nenda inayofuata. Ukifika kwenye ile ambayo ukilegeza kugonga kunapotea, umempata. Ukilegeza nyingine na injini isibadilike kabisa, hiyo silinda ilikuwa haifanyi kazi tangu mwanzo, ulikuwa unaibeba kama abiria.

Usifanye hivi kwenye D4D (jina la Toyota kwa dizeli zake hizo za umeme) wala injini yoyote ya umeme. Mgandamizo wake unapenya ngozi na kuingiza dizeli mwilini. Watu wamekatwa vidole kwa hilo. Hizo zinapimwa kwa kompyuta.

Nozeli iliyoshukiwa peleka kwa fundi wa pampu mwenye mashine ya kupimia, na simama hapo uone mwenyewe. Nzuri inatoa ukungu wa sawasawa na inakatika mara moja bila kuacha tone mdomoni. Usikubali kubadilishiwa zote nne kwa maneno.

Kelele zisizo za moto

Siyo kila ngurumo inatoka kwenye silinda. Feni ya mbele ina klachi yake, ambayo inatakiwa kuiachia injini ikiwa baridi na kuishika ikipata moto. Ikikwama imeshika, gari linavuma kama ndege kila unapokanyaga mafuta, saa zote, na feni inakula nguvu ya injini bure. Jaribu kuizungusha kwa mkono asubuhi, gari limezimwa na ufunguo umetolewa: inatakiwa kusogea kwa ukinzani laini, isiwe imefungana kabisa na wala isizunguke ovyo.

Mlio wa "tik-tik-tik" mwepesi wa juu ni tapeti, zile zinazosukuma vali, zipimwe. "Pusu-pusu" inayofuata mwendo wa injini ni ekzozi inayovuja pale inapoungana na hedi. Mvumo unaobadilika unapokata kona ni bearing ya gurudumu. Ukisimama baada ya safari na rimu moja ni ya moto kuliko nyingine, breki inashika, na hiyo inakula mafuta kimyakimya. Gusa kwa uangalifu, itakuunguza. Tairi za vibonge vya matope zinavuma kwenye lami na ni nzito kuviringika. Kama njia yako ni Dodoma hadi Kondoa au Manyoni, lami tupu, unazilipia kwa faida ya picha tu.

Ukitaka kujua kelele ni ya injini au ya magurudumu, tafuta sehemu tambarare isiyo na magari, mwendo mdogo, kanyaga klachi uachie injini itulie. Kinachobaki kinasikika si cha injini.

Hewa

Dodoma iko mita 1,100 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi kuliko ya Dar es Salaam, na mchana wa jua kali wa Oktoba inazidi kuwa nyepesi. Injini isiyo na turbo inavuta hewa hiyo hiyo, lakini pampu haijui. Inatoa mafuta yaleyale. Ndiyo maana gari lililokuwa safi Kibaha linatoa moshi mweusi likipanda kuelekea Manyoni na mzigo. Fundi mzuri anaweza kupunguza kidogo kipimo cha juu kabisa cha mafuta kwenye pampu. Nguvu hutaikosa, kwa sababu yale mafuta ya ziada yalikuwa yanatoka kama masizi. Wenye turbo hili haliwasumbui sana, ila wakague mipira ya hewa ya turbo. Mpira uliochanika unatoa mlio wa filimbi na moshi mweusi kwa wakati mmoja.

Kisha vumbi. Kiangazi chetu kinaanza Mei na mvua za maana unazisubiri mpaka Desemba. Kwa njia za mashambani, filta ya hewa siwezi kuisubirisha mpaka sevisi. Itoe, mulika tochi kwa ndani: mwanga usipopita, imekwisha. Ukiipuliza, puliza kutoka ndani kwenda nje na upepo mdogo, bomba likiwa mbali na karatasi. Ukipuliza kutoka nje unaingiza vumbi kwenye karatasi, ukiigonga ukutani unaipinda ukingo na vumbi linapata mlango. Ukiona vumbi kwenye mpira baada ya filta, acha safari. Vumbi hilo linasaga ringi za pistoni, na ringi zikiisha unapoteza mgandamizo, yaani unapoteza lile joto la kuwashia mafuta, na kelele inarudi kwa njia nyingine.

Mguu wako

Upinzani wa hewa unapanda kwa kipeo cha pili cha mwendo. Ukitoka 80 kwenda 100, hewa inakusukuma nyuma mara moja na nusu na zaidi kidogo, na pikapu ina umbo la kabati. Mimi nikiwa na zabibu natembea 80. Mtikisiko ni mdogo, matunda hayapondeki, na redio naisikia. Turubai lifungwe likakamae; linalopigapiga ni kelele na ni mzigo kwa wakati mmoja. Keria tupu juu ya kichwa ishushe.

Gia: dizeli ya zamani ina nguvu zake kati ya mizunguko 2,000 na 2,600 hivi. Panda gia mapema, lakini usiilazimishe injini gia ya tano mlimani mpaka inatetemeka na kunguruma kwa kifua. Pale inagonga na kula kwa pamoja, shusha gia.

Kushuka na fri ili kuokoa mafuta, achana nako kabisa. Ukiachia mguu ukiwa kwenye gia, pampu inakata mafuta na magurudumu ndiyo yanayozungusha injini. Ukiweka fri, injini inarudi kunywa ili isizime. Kwa hiyo hujaokoa kitu, na breki umezinyang'anya msaidizi.

Upepo wa tairi pima asubuhi kabla hujatembea, kwa namba zilizoandikwa kwenye kibandiko cha ubavu wa mlango, nyuma zaidi ukiwa na mzigo. Kijana wa pancha anayepima kwa teke usimwachie hili.

Mafuta yenyewe

Nunua kituo chenye foleni ya malori, maana dizeli yake haikai. Mwaga maji kwenye kikombe cha chini ya filta, hasa masika. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa utaisikia: inachelewa kushika, kugonga kunakuwa kukali kama kwa bati, na pampu inakosa ulainisho. EWURA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na maji, hutangaza bei kikomo mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, mji kwa mji, na kadiri unavyoikaribia bandari ndivyo inavyopungua. Nikirudi kutoka Morogoro najaza hukohuko.

Na kwa kuwa tuko nchi ya alizeti, swali lenu nalijua. Ndiyo, injini ya zamani ikichanganyiwa mafuta ya alizeti itawaka. Baada ya muda mafuta hayo mazito yanaganda kuwa utomvu kwenye midomo ya nozeli na kwenye ringi. Isitoshe lita ya alizeti ni ghali kuliko ya dizeli, kwa hiyo sijui hesabu ni ya nani. Kaangieni vitumbua.

Kabini

Hii ni ya mwisho, baada ya yote hayo, maana kapeti likiwahi linaficha habari unazozihitaji. Anza na mashimo. Mpira wa chini ya gia ukichanika, kelele na joto la gia boksi vinaingia mguuni kwako moja kwa moja. Badilisha, bei yake ndogo. Ziba matundu ya nyaya kwenye ukuta wa mbele, badilisha mipira ya milango. Kagua mipira ya kukalia injini: ikibonyea, chuma kinagusana na chuma na bodi yote inaimba. Silansa usiikate. Kwa injini isiyo na turbo ukelele ule haukuongezei kilomita hata moja, na kijiji kizima kinajua umepita.

Kisha bandika sakafuni na ndani ya milango shiti nzito za lami zenye foili, zile za kuzibia mabati yanayovuja, juu yake weka kapeti zito. Uzito ndio unaozuia ngurumo. Sponji nyepesi peke yake hazifanyi kitu. Acha wazi matundu ya kutolea maji chini ya milango, la sivyo kutu itakula mlango kutoka ndani.

Kipimo ni hiki: mwendo wa 80, vioo vimefungwa, ongea na aliyekaa pembeni. Mkilazimika kupaza sauti ili msikilizane, kelele inakaribia desibeli 85, kiwango ambacho kwa saa nane kwa siku masikio yanaanza kuumia taratibu. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda salama unapungua nusu. Kwa anayekwenda Dar na kurudi kila wiki, nunua na viziba masikio vya sponji, vya kupunguza tu, ili honi ya basi la nyuma uendelee kuisikia.